Uyoga Wenye Pete Shingoni

Hapo zamani, zamani ambayo wengine wenu mtaniambia haijafika, palikuwa na Bibi Somoe, mjuzi wa uyoga. Mvua ikinyesha, kijiji kizima humpelekea vikapu. Akisema ule, wanakula. Akisema tupa, wanatupa.

Uzee ukamwingia machoni. Ndipo fundi Chilumba, mgeni pale kijijini, akamletea sanduku linaloongea.

"Lifundishe mwenyewe, bibi. Litakuuliza, utalijibu. Mimi natoka nje, sina haja ya kukaa katikati yenu."

Akatoka. Sanduku likauliza, bibi akajibu: "Kofia nyeupe, shina refu, umeota kichuguuni, ule." Mwishowe likauliza, "Kuna kingine?"

Kilikuwapo. Kuna uyoga unaofanana na huo, ila una pete shingoni, nao unaua. Lakini kwao ni mwiko kuutaja kwa mdomo. Ukiutaja, umeuita nyumbani. Bibi Somoe akafanya alivyofundishwa na mama yake: akabonyeza kidole gumba kooni, kimya. Masikini, sanduku lilikuwa na masikio tu, macho halikuwa nayo.

"Sasa msinisumbue," akamwambia mkwewe, Asumini. "Nijualo mimi, nalo linalijua."

Masika yakaja. Asumini akachuma uyoga, akaona pete, akasita. Alama ya kidole gumba aliijua. Akaliuliza sanduku.

"Kofia?" Nyeupe. "Shina?" Refu. "Umeota wapi?" Kichuguuni.

"Ule," likasema, kwa sauti ya mama mkwe, ile ile iliyolifundisha.

Akapika, akamtengea kwanza mumewe, Nandonde, mtoto wa pekee wa Bibi Somoe. Hakujakucha, Nandonde amekufa.

Wazee wa ukoo wakaamua: aliyemuua ahame, na siku akifa asizikwe hapa.

Asumini akalia, "Ile ilikuwa sauti ya mama. Ningembishia mama mkwe?"

Chilumba akasema, "Mimi nilitengeneza masikio tu. Mwiko wenu ningeujulia wapi?"

"Ungekaa ndani ungeniona!" Bibi Somoe akamjibu. "Mimi nilisema. Nilisema kama tunavyosema sisi."

Watu walipotawanyika, akaketi mbele ya sanduku.

"Kuna kingine?" likauliza.

Akafumbua mdomo, akautaja uyoga ule kwa jina lake, katika nyumba ambayo haikuwa tena na mwana wa kumlinda.

Haya, semeni ninyi mliokaa kimya. Yuko mkwe aliyeona pete akaamini sauti, yuko fundi aliyetoka nje, yuko mama aliyenyamaza ili kifo kisiingie kwake. Je, ahame nani?