Fundi Aliyekataa Kuulizwa

Wapendwa, kaeni vizuri, maana mfano wa leo hauna kicheko.

Palikuwa na fundi seremala katika mji mmoja mdogo, mtu wa watu, mwenye heshima zake. Mkewe alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Basi mama yule akaanza kuumwa kichwa. Si kile cha kulala kidogo ukaamka kimekwisha, la. Kilikuwa kichwa cha kumfanya ajifungie ndani mchana kweupe kwa kuogopa mwanga. Miguu nayo ikavimba hata ndala zikamkataa.

Fundi akavaa shati lake safi, akaenda famasi ya pale stendi. Mfamasia wa pale alikuwa dada mmoja mpole wa sauti, na alikuwa ameweka kitu ambacho wenyeji hawajakizoea: kona yenye pazia, kiti, na mashine ya kupimia presha. Wenyeji walizoea duka la dawa liwe kama duka la sukari. Unataja, unapewa, unakwenda zako.

"Nipe dawa ya kichwa," fundi akasema.

"Pole, fundi. Ni ya kwako?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani ni nani anayeumwa? Ni mama? Ana mimba?"

Nyuma ya fundi walikuwapo watu wanasubiri zamu. Akahisi macho yao yote mgongoni. Mwanamume mzima aulizwe habari za tumbo la mkewe mbele za watu! Dada akaona, akashusha sauti. "Karibu huku nyuma ya pazia tuzungumze. Au nenda kamlete nimpime presha. Kichwa cha mjamzito hakiuziwi dawa hivi hivi."

"Kwani wewe ni muuza dawa au ni daktari?"

"Ni mfamasia, fundi. Kupima na kuuliza ni kazi yangu. Watu wakija kwako kutaka mlango, huwaulizi upana?"

Kuna mtu nyuma akacheka. Ndugu zangu, kicheko kile ndicho kilichoua. Fundi akageuka, akavuka barabara hadi duka lingine la dawa, kwa jamaa asiyeuliza chochote. Akataja, akapewa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikilizwa, akawaambia na wenzake kijiweni: yule dada ana kiburi, anachungulia nyumba za watu. Wenzake wakahama naye.

Vidonge vikaliwa, kichwa kikabaki. Asubuhi moja mkewe akamwambia, "Baba watoto, naona vitu viwili viwili. Hebu nipeleke kwa yule dada wa stendi. Aniulize tu, nitamjibu mwenyewe."

"Yule? Atangaze mambo yako kwa kila abiria? Tulia, nakuletea dawa yenye nguvu zaidi."

Akaenda kule ng'ambo ya barabara, akaipata. Akirudi, dawa iko mfukoni, akapita mbele ya famasi. Dada alikuwa mlangoni anafagia. Akaacha kufagia, akamsalimu bila kinyongo.

"Habari za asubuhi, fundi. Mama hajambo?"

Sikieni hapo. Mlango uko wazi, mashine iko mezani, na mtu mwenye ujuzi anauliza kwa mdomo wake: mama hajambo? Fundi angesema nini? Angesema, "Dada, mama haoni vizuri," na mambo yangekwenda kwingine.

"Hajambo," akajibu. "Tunamshukuru Mungu."

Akapita.

Jua halijawa kali, mama yule akaanguka jikoni, mwili ukakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Wakamkimbiza hospitali. Mtoto akatolewa mzima. Mama hakurudi.

Baada ya matanga, fundi akaenda kwa hasira kwa yule jamaa wa ng'ambo ya barabara. "Nilikuja kwako mara mbili! Mbona hukuniuliza anayeumwa ni nani? Mbona hukuuliza hata neno moja?"

Jamaa akamtazama, wala hakumfokea. "Mzee wangu, si ndiyo maana ulihamia kwangu?"

Wapendwa, mimi nina uchungu na mfano huu, na sitaki kuuficha. Sisi tunaona fahari kuulizwa bei, tunaona aibu kuulizwa hali. Mfamasia akikuweka kwenye kiti akupime, akikuambia dawa hii hapana, nenda hospitali leo, tunasema anatupotezea muda, anajifanya daktari. Mungu amemsogeza mfamasia karibu na stendi, hatua chache kutoka kwenye biashara zetu, na sisi tunavuka barabara kumkwepa! Na tena tunatumia jina la Mungu kufunika. "Tunamshukuru Mungu." Fundi alimshukuru Mungu kwa uongo, na mkewe yuko nyumbani anapofuka.

Na msidhani nasema habari za dawa peke yake. Hata humu ndani tunampenda mchungaji anayebariki na kunyamaza. Anayeuliza ndoa yako ikoje, mwanao yuko wapi, mbona mkeo haji siku hizi, huyo tunamhama. Tunatafuta wa kutupa tunachotaja. Wapo, ndugu zangu, wala hawako mbali, na watatuzika kwa heshima zote.

Basi leo nauliza mimi, na nauliza mbele za watu wote. Baba uliyekaa hapo na suti yako, umemwacha mkeo kitandani, ukaja ibadani. Ameamkaje?

Usiharakishe kunijibu.