Sultani Mwengo na Maji ya Chini

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Mwengo, ambaye kwa kujipenda hamjapata kumwona mfano wake, labda kama mna shemeji serikalini. Alitawala bonde la mto mkubwa, mto mpana kiasi kwamba mtu wa ng'ambo ukimtukana hasikii.

Mwaka mmoja mvua zikagoma. Mto ukanywea, ukanywea, ukabaki mchanga mtupu na mamba waliokosa pa kujificha. Watu wakakimbilia visima. Maana mto ule juu ulikuwa umekufa, lakini chini ulikuwa hai. Ukichimba popote bondeni, ukiuvumilia udongo na mwamba, mwisho uliyakuta maji baridi yakienda zake polepole kuelekea baharini, kama vile hayakuwa na habari ya kiangazi.

Basi Sultani alikuwa na birika la kuogea, kubwa kama uwanja. Nalo likakauka. Sultani akaanza kunuka, na mawaziri wakaanza kukaa mbali wakisema ni heshima. Ndipo akatoa amri: mto ni wa Sultani, maji ya chini yametoka mtoni, kwa hiyo ni ya Sultani. Kila achotaye mitungi miwili kisimani, mmoja aupeleke kwenye birika. Atakayekaidi, kisima chake kitafukiwa, naye atafukuzwa bondeni.

Watu wakabeba. Wazee walibeba, wagonjwa walibeba. Mwanajabu, aliyekuwa amejifungua mapacha, maziwa yalimkauka kwa kiu, na bado kila alfajiri alipanda kilima cha kasri na mtungi kichwani. Siku moja akaanguka langoni. Askari wakamwuliza kwanza kama mtungi umevunjika.

Jirani yake Mwanajabu alikuwa Bi Mize, mjane mfinyanzi, mwenye ulimi ambao hata marehemu mumewe, wasema watu, alikwenda kaburini kuupumzikia. Bi Mize ndiye aliyemwinua Mwanajabu pale chini. Akamfuta vumbi usoni. Kisha akautua mtungi wake mwenyewe, akawaambia askari:

"Mwambieni bwana wenu, kwangu hapati tone."

Wakamkamata hapo hapo.

Barazani watu walijaa. Sultani alikuwa amejilaza juu ya mito ya hariri, kikombe cha maji mkononi. Kando yake aliketi Kadhi Burhani, msomi mkubwa, ambaye shingo yake ilijua kuitikia tu.

"Wewe mwanamke," akasema Sultani, "unaniibia maji yangu?"

"Nitaibaje nisichokijua, Maulana? Nifundishe. Maji yako ni yapi?"

"Yote yaliyo chini ya bonde hili."

"Hata yaliyo chini ya kitanda changu?"

"Hata hayo."

"Na mvua ikinyesha shambani kwa mtu, ikazama?"

"Ikishazama ni yangu."

"Na mimi nikimwaga maji ya kuoshea vyungu uani, ardhi ikayanywa?"

"Mwanamke, huna akili? Maji yoyote, ya mtu yeyote, kutoka popote, yakishaingia ardhini ni mali yangu! Kadhi, si ndiyo sheria?"

"Ndiyo hasa, Maulana," akasema kadhi.

"Hakuna mwingine mwenye fungu humo?" akauliza Bi Mize.

"Hakuna! Naapa kwa kiti changu mbele ya watu wote!" Sultani akanywa funda kubwa, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Bi Mize akapiga magoti.

"Basi nimeonewa, Maulana. Eti sijakulipa! Mimi, na hawa wote unaowaona, hatujakosa siku. Kila asubuhi kila mmoja wetu anakwenda nyuma ya nyumba yake, kwenye shimo, anachuchumaa, anamlipa Sultani."

Funda likakwama kooni mwa Sultani, halikuteremka, halikutoka. Waziri mmoja akaumeza ukingo wa kilemba chake asicheke. Nyuma huko mtu akashindwa, akaangua kicheko. Baraza zima likafuata.

Sultani akatema. Akakitupa kikombe.

"Mwongo! Hayo si yangu!"

"Yapi, Maulana?"

"Hayo... hayo ya mashimoni!"

"Yameingia ardhini. Ya mtu yeyote, kutoka popote. Tumekusikia ukiapa."

"Hayo nayatoa! Nachukua yaliyo safi!"

Bi Mize akamgeukia kadhi. "Sheikh, wewe umesoma. Huko chini yote yanakwenda pamoja. Shuka basi ukatenge, haya ya Sultani, haya ya choo cha Bi Mize."

Kadhi akatazama juu, akatazama chini. Kwa mara ya kwanza maishani shingo yake haikujua iende wapi. "Yakishachanganyika, Maulana, hayatengeki. Ni kuyachukua yote au kuyaacha yote."

"Lakini hata nyinyi mnayanywa!" akapiga kelele Sultani.

"Tunayanywa. Mchanga unayachuja njiani, na midomo yetu haina utukufu. Sasa Maulana, tuendelee kukujazia birika?"

Sultani akalifikiria birika lake. Akafikiria jinsi alivyokuwa akizama ndani yake mpaka masikioni, mdomo wazi, akiimba.

"Nayaacha!" akasema. "Yote! Visima ni vyao, na vilivyomo ni vyao! Asiniletee mtu mtungi tena!"

Watu wakashangilia mpaka vumbi likadondoka darini. Mwanajabu alikuwa amekaa mlangoni na mapacha wake mapajani. Akalia, akacheka, akalia tena. Askari wakamfungua Bi Mize kamba. Akajifunga kanga yake vizuri, akaanza kutoka bila kuaga.

Sultani, aliyekuwa bado akijipangusa ulimi, akaona amedharauliwa mno.

"Wewe! Nimewapa maji ya bonde zima, na unaondoka hivi hivi? Shukrani yangu iko wapi?"

Bi Mize akageuka.

"Bado iko tumboni, Maulana. Nitaiteremsha kesho asubuhi."