Kiyoyozi Kisichostahimili Matusi

"Kiyoyozi kikizima tena leo, tafuta kazi kwingine, mpumbavu wee!" Bwana Mbaruku alimfokea dereva wake, Shekiondo, ndani ya gari lake kuukuu, jua la Tanga likiwaka.

Papo hapo ubaridi ukakatika.

"Umeona, bosi?" Shekiondo alisema kwa upole. "Nimekichunguza wiki nzima. Kimezeeka, hakistahimili matusi."

"Upuuzi!" Lakini jasho lilipomwingia machoni, tajiri akanywea. "Basi, samahani, ndugu yangu."

Ubaridi ukarudi. Mwezi mzima Bwana Mbaruku akawa mtu wa tafadhali na ahsante.

Siku Shekiondo alipolipeleka gari gereji, fundi aliinua zulia miguuni pa dereva. "Waya wa kiyoyozi umelegea. Ukiukanyaga kinawaka, ukiuachia kinazima. Niuunge?"

"Uache hivyo hivyo," alisema Shekiondo. "Bado namfunda mtu."