Kware na Madongo ya Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mtama mwekundu, na Kware mdokozi!

Hapo zamani za kale, Nguchiro alilima mtama. Kware akaja kudonoa asubuhi, akarudi mchana, jioni akanaswa mtegoni.

"Nihurumie, Bwana Nguchiro!"

"Ulivyokonda hivyo, hata mchuzi haunogi. Utakaa kwangu unenepe. Gulio ni kila wiki; siku ya gulio la tatu nakutia chunguni."

Masikini Kware, alitetemeka mpaka manyoya! Ili asitoroke, Nguchiro akamfunga dongo la udongo kila bawa. Mtama akampa tele. Yeye akajilaza mkekani, akala mayai aliyojiwekea. Ya nini kuhangaika kuwinda, na kitoweo kiko nyumbani?

Gulio la kwanza likafika.

"Ruka nione!"

Kware akapiga mabawa. Puu, chini! Nguchiro akacheka hadi machozi.

Lakini Kware akajiambia, "Nikikaa tu, nimekwisha." Akapiga mabawa kutwa nzima na madongo yake. Kifua kikamuuma, usiseme.

Gulio la pili likafika.

"Ruka nione!"

Kware akapiga mabawa, akafika magotini pa Nguchiro.

"Ala! Kumbe madongo mepesi!" Akamfunga makubwa zaidi.

Kware akazidi kupiga. Kifua kikaacha kuuma, kikajaa, kikawa kigumu. Nguchiro akakibonyeza akiwa amelala vilevile.

"Mafuta hayo!" akasema, mate yakimdondoka.

Mafuta, jamani? Mnamsikia?

Gulio la tatu likafika. Chungu kikachemka.

"Kware hapikwi na udongo," akasema Nguchiro. Akafungua dongo la kushoto, akafungua la kulia. Kwa kejeli akaongeza, "Haya, ruka nione, mara ya mwisho!"

Purrr! Kware akapita juu ya chungu, akapita juu ya paa. Mwenyewe alishangaa alivyokuwa mwepesi!

Nguchiro akamrukia. Wapi! Miguu ilikuwa imelala wiki tatu. Ikapishana, akaanguka majivuni, chungu kikamwagika.

"Ahsante kwa madongo, mjomba!" Kware akaita kutoka juu. "Sasa wewe ruka nione!"

Basi, wanangu, kiungo kinachobebeshwa hupata nguvu, na kinacholazwa hulegea. Usiulaani mzigo wako kabla hujajua umekupa nini.

Ngano yangu naitua hapa. Ukiiona nyepesi, wabebee wenzako. Ukiiona nzito, ibebe mwenyewe upate kifua.