Upatu wa Mji wa Kirumbi

Shaba haisemi mpaka igongwe.

Jana mlilisikia neno hilo kwa ami yenu, naye kama kawaida yake akalitupa katikati ya mazungumzo, akavaa viatu, akaenda zake. Leo mmenijia mimi mkiuliza limetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ina kwao, na kwao ni Kirumbi, mji alikozaliwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyenihadithia, nami nawapa kama nilivyopewa. Kuapa kwamba kila neno lilitamkwa hivi hivi, siwezi. Sikuwapo.

Ilianza kwa moto.

Kirumbi ya zamani nyumba zake zote ziliezekwa makuti, tena zilibanana, ukuta wa huyu ndio mgongo wa yule. Kwa hiyo pale uwanjani, karibu na msikiti, palitundikwa upatu. Upatu ni sahani nene ya shaba. Inaning'inizwa kwa kamba na kugongwa kwa mti. Ukigongwa mara moja moja, ni harusi. Ukigongwa mfululizo, ni hatari, kila mtu atupe alichoshika aje.

Upatu ule ulikuwa wa siku nyingi na ulikwisha kuingia ufa. Watu waliuzoea na ufa wake, kama mtu anavyozoea jino bovu. Mwisho wa msimu mmoja wa kaskazi, wakati wa kusafisha mashamba, cheche ya jikoni ikashika kuti. Upatu ukagongwa, lakini sauti yake haikuvuka hata bonde, na watu karibu wote walikuwa ng'ambo, mashambani. Na moshi je? Siku zile kila mtu alikuwa akichoma magugu yake. Moshi haukumshtua mtu. Mwanamke mmoja, Bi Shali, aliinua macho kutoka kwenye jembe lake akautazama moshi wa mjini, akamwambia mwenzake, "Leo wenzetu wanachoma sana." Alikuwa akiitazama nyumba yake mwenyewe.

Nyumba kumi na moja zilikwisha. Mama yake Bi Shali, aliyekuwa hawezi kutembea, majirani wawili walimtoa akiwa amebakiwa na pumzi chache. Mungu alimponya, lakini Bi Shali tangu siku ile akawa hana raha shambani. Analima hatua mbili, anasimama, anasikiliza.

Basi wakubwa wakakaa, wakasema mji upate upatu mpya, wenye sauti ya kufika mashambani. Kazi ya kukusanya shaba akapewa Mwinyi Kai, mtu mzito, mwenye heshima na mwenye kuipenda heshima hiyo. Akapita nyumba kwa nyumba.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya Kirumbi, maana bila hiyo hamtaelewa kosa lao. Bibi harusi wa kule alikuwa hatoki kwao bila sufuria ya shaba nyekundu, iliyotoka kwa bibi yake, na bibi aliipata kwa bibi yake. Nyekundu ndiyo iliyokuwa nasaba. Shaba ya njano waliitumia kwa masinia ya wageni, kwa kuwa inang'aa kama dhahabu, lakini waliiona kama mgeni pia, imekuja na wafanyabiashara. Na bati, hilo lilikuwa la kupaka ndani ya sufuria tu, ili shaba isitoe kutu ya kijani ikatia sumu chakula. Mtu akitaka kumdharau mwenzake alimwambia, "Wewe bati tu." Kwa hiyo mji ulipotoa, ulitoa nyekundu: masufuria, madeste ya halua, vikuku. Mwinyi Kai mwenyewe alitoa deste la marehemu mama yake, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa fundi.

Fundi alikuwa mmoja, Bwanaheri, mfua shaba na mtoto wa mfua shaba. Mtu mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Akalitazama lile rundo la shaba, akasema, "Imetosha. Sasa nitahitaji bati."

"Bati la nini?" akauliza Mwinyi Kai.

"La kuchanganya, Mwinyi. Katika mafungu matano, moja liwe bati."

"Hili la kupaka sufuria?"

"Hilo hilo."

Mwinyi Kai akawageukia waliokuwapo. "Mnamsikia? Nimemletea deste la mama yangu, yeye anataka kulifanyia kama muuza maziwa aliyepita kisimani!"

Watu wakacheka. Fundi akajaribu tena. "Nyekundu peke yake ni laini, haina sauti ya kutosha. Nzuri kwa kupikia, maana moto unaipita upesi. Lakini upatu..."

"Mji umetoa nyekundu, na mji unataka nyekundu. Nimeshawaahidi wenye vyombo vyao kwamba hata chembe ya bati haitaingia."

Hapo Fundi Bwanaheri alinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomponza. Mama mkwe wangu alikuwa hamtetei kwa hilo. Mkewe, Mwanamize, alimwambia siku ile ile, "Baba Saumu, unakwenda kufanya kazi unayoijua kuwa mbovu?"

"Wakubwa wameshasema."

"Sawa. Na moto nao umewaahidi wakubwa utarudi lini?"

Fundi akawasha tanuri, akaiyeyusha shaba, akaimimina kwenye kalibu ya udongo, akasubu upatu wa shaba nyekundu tupu, mkubwa, mzuri, unang'aa kama jua la magharibi. Ijumaa baada ya sala ukatundikwa watu wote wakiwapo, Mwinyi Kai akashika mti, akataja jina la Mungu, akagonga.

*Du.*

Akagonga tena, kwa nguvu. *Du.* Kama mtu aliyepiga gunia la mtama. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni mto wa kulalia!" Na pale mti ulipopiga pakabonyea.

Mwinyi Kai aliona haya mbele ya mji mzima, na haya ya mtu mkubwa haikawii kugeuka hasira. "Shaba ya mama yangu haiwezi kulia hivi," akasema. "Fundi, umeibadilisha. Nyekundu yetu umeificha, umetutengenezea takataka ukaipaka rangi."

"Mwinyi, ni shaba yenu ile ile."

"Basi mbona bubu?"

Maneno yakawa mengi. Mwisho wakakata hivi: Ijumaa ijayo Bwanaheri alete shaba ya mji, au aache vyombo vyake vya kazi pale uwanjani, yeye na mkewe na watoto wao wahame Kirumbi. Khatibu wa msikiti, aliyekuwa mtu wa haki, akamwuliza, "Uko tayari kuapa?"

Safari hii fundi hakunyamaza. "Niko tayari, shekhe. Lakini kiapo changu kitasafisha jina langu mimi. Hakitaufanya upatu usikike ng'ambo ya bonde. Nipeni nafasi ya kuwaonyesha. Nitakata kipande katika upatu huu huu, mbele yenu, nami nitafanya kazi hapa hapa uwanjani, kila mwenye macho atazame. Kikishindwa kusema hicho, nitahama bila ya kusukumwa."

Khatibu akasema ni haki.

Jamani, mama mkwe wangu alikuwa akifika hapa anaacha kuosha sahani! Alisema wiki ile Kirumbi haikulima. Watu walilizunguka tanuri kama kuku kwenye mtama. Fundi akakata kipande kutoka kwenye upatu uliomwaibisha, akakiyeyusha, akasubu visahani vitatu, kalibu moja, uzito mmoja. Cha kwanza nyekundu tupu. Cha pili akatia zinki. Ilipoingia ikatoa moshi mweupe mzito, akawaambia wanaotazama wasogee wasije wakauvuta. Kikatoka cha njano, kizuri, wanawake wakapiga vigelegele. Cha tatu akatia bati lake mwenyewe, lile la kupaka sufuria. Kikatoka na rangi ya kufifia, ya udongo udongo, hakina mbele wala nyuma.

Watu wakauliza maswali. Mzee mmoja akashika kijiti cha bati akakiuma, meno yakaacha alama. "Hili laini," akasema, "na nyekundu laini. Laini kwa laini, utapata ugumu wapi?"

Fundi akampa kisahani cha tatu. "Kikunje, mzee wangu."

Mzee akakikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikukunjika. "Ajabu! Kwa nini?"

"Sijui," akasema fundi. "Baba yangu alinionyesha, naye alionyeshwa. Najua kinakuwa hivyo. Kwa nini, anajua aliyeviumba. Lakini usikiangushe juu ya jiwe. Kigumu hicho huvunjika kama chungu. Nyekundu hubonyea, njano hukubali nakshi, hicho hakibembelezwi. Kila kimoja na kazi yake."

Nimeishi miaka mingi tangu niisikie, na jibu lile la fundi bado ninalipenda. Mtu anayeijua kazi yake haoni tabu kusema sijui.

Ijumaa ikafika. Wakamtuma Bi Shali avuke bonde akasimame shambani kwake na jembe lake mkononi, pale pale alipokuwa siku ya moto, ageuze uso asitazame mji. Wakampa shuka nyeupe: akisikia, aipeperushe. Na ili pasiwe na ujanja, fundi akasema agongaye awe Mwinyi Kai mwenyewe.

Mwinyi Kai akavitazama vile visahani vitatu vimetundikwa, jua linavipiga. Cha njano kilikuwa kikimeta mpaka macho yanauma. Akakiashiria. "Kwa nini tupoteze wakati? Kama ni kuchagua, kila mtu anaona kipi chenye kitu."

Fundi akasema, "Mwinyi, shaba haisemi mpaka igongwe."

Wakaanza na nyekundu. *Du, du, du.* Shuka ya Bi Shali haikutikisika. "Mpige, Mwinyi, hana mama wa kumtetea!" akapaza sauti mtu mmoja, na Mwinyi Kai akapiga mpaka kisahani kikawa kama bakuli. Kule ng'ambo, kimya.

Ikaja njano. Hiyo ilitoa sauti tamu, nyembamba, watu wa uwanjani wakatabasamu. Bi Shali akainua shuka nusu, akaishusha, akaiinua, akaishusha. Baadaye alisema alisikia kitu kama mtu anakoroga chai nyumba ya pili, hakujua kama ni kweli au ni masikio yake.

Kikabaki cha udongo. Mwinyi Kai akakigonga kwa uvivu, kama mtu anayemaliza wajibu.

Kikalia. Mama mkwe wangu alisema kwao walikuwa wakisimulia kwamba sauti ile haikutoka ikaisha, ilitoka ikaenda. Ilipita juu ya makuti, kunguru wakaruka, na kabla haijaisha Mwinyi Kai, bila kufikiri, akagonga tena, na tena, mfululizo. Nafikiri na yeye alitaka kujua inafika wapi.

Wakatazama ng'ambo ya bonde. Shuka haikuonekana.

"Hakusikia!" akasema mtu. Mwanamize akashika mkono wa mumewe. Fundi alikuwa ameanza kuviangalia vyombo vyake, nyundo na koleo, kama mtu anayeagana navyo.

"Ngojeni," akasema Khatibu. "Mbona shambani hayupo mtu?"

Kisha wakamwona. Alikuwa kwenye mteremko, anakimbia. Shuka ameitupa, kitambaa cha kichwa kimeanguka, jembe lingali mkononi. Akaingia bondeni akapotea, akazuka upande huu, akapita katikati ya nyumba akaingia uwanjani pumzi zikimtoka kama mvukuto.

"Kwa nani?" akapiga kelele. "Kwa nani tena? Mama yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Wanawake wakamshika, wakamwambia, "Hakuna moto, Bi Shali. Hakuna. Ni majaribio." Naye akawatazama mmoja mmoja, akakaa chini mchangani akaanza kulia, akisema, "Nimesikia. Safari hii nimesikia."

Mwinyi Kai aliuweka mti chini. Alisimama muda, mtu mzito yule, akikitazama kile kisahani kisicho na rangi, ambacho ndani yake mlikuwa na chembe ya deste la mama yake na bati la kupaka sufuria, navyo huwezi tena kuvitenganisha. Kisha akamwendea Bwanaheri mbele ya mji wote.

"Fundi," akasema, "bati unalo la kutosha?"

"Ninalo, Mwinyi."

"Na likipungua?"

"Litapatikana."

"Basi chukua upatu wetu, ukauyeyushe. Na neno nililokuambia Ijumaa ile, nakuomba unisamehe."

Upatu ulisubiwa upya. Mama mkwe wangu aliuona kwa macho yake alipokuwa msichana: mbaya wa sura, alisema, hata mgeni alikuwa akiupita asiulize. Na watu wa Kirumbi, wakimsikia mtu anakisifu kitu kwa wekundu wake au kwa kumeta kwake, au anakidharau kwa kuwa kimefifia, hawakubishana naye. Walimjibu kwa maneno yale ya fundi, wakamwacha ayafikirie njiani:

Shaba haisemi mpaka igongwe.