Bibi Matika na Kitanda Kirefu

Anguko la kitandani huulizwa mara mbili. Mmeisikia methali hii sasa hivi, wajukuu zangu, nanyi mwataka kujua ilikotoka. Ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo aliishi Bibi Matika, mpiga ngoma hodari. Ilikuwa imebaki miezi michache mjukuu wake Yunisi aolewe, na bibi ndiye angeongoza ngoma za wanawake. Mwanawe, baba Yunisi, akamchongea kitanda kipya kirefu cha kwenda juu, mama apumzike kwa heshima.

Mchana mmoja bibi alishiba ugali na mlenda, akajilaza. Akaota yuko arusini, ngoma mapajani. Kwa raha ya ndoto akaruka, akaanguka sakafuni, na kishindo chake kikawaleta hata majirani.

“Mama, umeumia?” aliuliza Debora, mkwewe.

Bibi alitazama nyuso zile mlangoni, akacheka. “Kiulizeni kitanda!”

Watu wakavunjika mbavu. Hata hivyo Debora alimpeleka hospitali. Picha haikuonyesha mfupa uliovunjika. Daktari akamfunga bandeji kifundo cha mkono wa kulia, akamwambia arudi baada ya wiki mbili, kwani ufa mwembamba huweza kujificha mwanzoni.

Siku ya kurudi ilipofika, bibi alikuwa ameshaivua bandeji. Alijiambia kwamba mtu mzima hafungi safari mara mbili kwa ajili ya kitanda. Lakini moyoni aliogopa kitu kingine: kuambiwa asiiguse ngoma.

Siku ile bibi na Debora walikuwa wawili tu, wanachambua mlenda. Debora aliona mama mkwe ananyofoa majani kwa mkono wa kushoto.

“Mama,” alisema taratibu, “ulipoanguka, uliumia?”

Machozi yakamlengalenga bibi. “Mkono unaniuma, mwanangu. Hata kifuniko cha chungu siwezi kuinua. Lakini nikisema, nani atampigia Yunisi?”

“Twende kwanza. Ngoma haiwezi kumkimbia mwenyewe.”

Safari hii picha ilionyesha ufa. “Ungepiga ngoma kwa mkono huu,” daktari alisema, “huenda usingeunga tena.” Wakamfunga bandeji ngumu ya plasta. Yunisi alipopata habari, aliapa hataolewa bila ngoma ya bibi yake. Wakwe wakacheka, wakakubali kungoja mavuno yapite.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mkavu na mgumu kama kuni. Bibi akapewa mazoezi ya kufumba na kufumbua vidole, kila siku. Akayafanya akiimba, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kumwitikia, hata uwanja wote ukachangamka.

Arusi ilipowadia, ngoma ya Bibi Matika ilisikika hadi ng’ambo ya korongo. Vumbi lilitimka, vigelegele vikapaa, na Yunisi akacheza mpaka kilemba kikamdondoka. Walipopumzika, jirani mmoja akamtania: “Si ulituambia tukakiulize kitanda?”

“Mara ya kwanza niliulizwa na wengi, nikajibu kwa kicheko,” bibi alisema, akimvuta Debora karibu yake. “Mara ya pili niliulizwa na mmoja, nikajibu kweli.”

Tangu siku hiyo, kijijini pale mtu akianguka, akacheka, akasema si kitu, wenzake humwacha acheke. Kisha humrudia na kumuuliza tena. Maana anguko la kitandani, wajukuu zangu, huulizwa mara mbili.