Birika Lililoita kwa Sauti ya Mama

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa huko nyuma wameitika kama hawajala tangu jana. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni, lakini mniachie nafasi ya kunyoosha mguu. Na wewe unayemfinya mwenzio, cheka sasa hivi uishe kucheka, maana hadithi hii ina kilio ndani yake.

Zamani, mazimwi yalipokuwa yakitembea mchana na kupiga hodi kama watu, palikuwa na kijiji kilichojengwa juu ya mawe matupu. Maji ya kisima chao yalikuwa mazito, yana chumvi. Ukiyachemsha, yanaacha ukoko mweupe ndani ya chombo. Kijijini hapo alikaa mjane mmoja, Bi Mkasi, pamoja na watoto wake wawili. Mkubwa ni msichana, jina lake Mashavu. Mdogo ni Faki, ndiyo kwanza anajua kusema, basi alikuwa hanyamazi. Akiamka anasema, akila anasema, akilala anaimba.

Siku moja Bi Mkasi akaenda sokoni kununua birika la chai. Mashavu akafuatana naye.

Muuzaji akampa birika linalong'aa. Bi Mkasi akalitia maji, akaliinamisha. Kifuniko kikaanguka.

"Hili litamwunguza mwanangu," akasema, akalirudisha.

Akapewa la pili. Akalitia maji, lakini mdomo wake ulikuwa chini mno, maji yakamwagika kabla halijajaa.

"Hili litanizimia moto," akasema, akalirudisha.

Akapewa la tatu. Lilikuwa jeusi, zito, mpini umezungushiwa kamba. Akaligonga kitako kwa kidole, akalitia maji, akaliinamisha. Likamimina bila kudondosha.

Muuzaji alikuwa amechoka naye. "Bi Mkasi, unanunua birika au unaposa mume?"

"Mume akivuja utamvumilia," akasema Bi Mkasi. "Birika likivuja utalivumilia vipi?"

Haya, chekeni. Hata sokoni walicheka.

Basi birika likawa la nyumba. Kila Ijumaa Bi Mkasi alilisafisha. Nje alilisugua kwa jivu. Ndani alitia maji na ndimu akalichemsha, ukoko ukalainika, akausugua kwa kumbi la nazi. Mrija wake akauchokoa kwa njiti ya chelewa, ule uti wa jani la mnazi. Mashavu alikaa kando akitazama, na kazi yote akaijua.

Mwaka haukwisha, Bi Mkasi akashikwa na homa, akafa.

Msinitazame hivyo. Watu hufa, hata hadithini.

Majirani wakaja, wakalia, wakapika. Matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake. Mashavu akabaki na Faki. Nyumba ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Kila jioni Faki alimwuliza dada yake, "Mama anarudi lini?" Mashavu akasema hajui, akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Siku moja alikwenda kisimani kuteka maji. Akaweka ndoo chini, akalia mpaka kifua kikamwuma. Akasema, "Mama, ningeisikia sauti yako tena, ningetoa chochote."

Neno hilo, wajukuu zangu, halisemwi kisimani.

Ndani ya kisima kile mlikuwa na zimwi. Lilikuwa na macho mawili usoni na la tatu kisogoni. Likapanda juu limejitanda shuka kichwani, mtu akadhani ni mzee wa watu.

"Usilie, mjukuu wangu," likasema. "Mama yako alikuwa akiteka maji hapa huku anaimba. Sauti yake ilidondoka kisimani, nami nikaiokota. Chemsha maji haya, utaisikia."

"Na wewe unataka nini?" akauliza Mashavu.

"Mimi sitaki kitu. Ila birika usilisugue ndani, maana sauti itakaa kwenye ule ukoko. Na kikombe cha kwanza mpe mdogo wako."

Mashavu akaona masharti hayo ni mepesi. Mwenye kiu ya namna ile haulizi maji yametoka wapi. Akarudi nyumbani, akabandika birika jikoni. Maji yalipochemka, birika likaita.

"Mashavu. Mashavu mwanangu, umekula?"

Ilikuwa sauti ya mama yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa kooni. Mashavu akalikumbatia birika, likamwunguza, na wala hakuusikia moto. Akalia na kucheka kwa pamoja. Kisha akammiminia Faki kikombe cha kwanza, kama alivyoagizwa. Faki akanywa, akalala. Usiku huo hakuimba.

Kesho yake zimwi likaja kupiga hodi. Likamwinamia Faki.

"Mtoto, unaitwa nani?"

"Faki, mwana wa Bi Mkasi, na huyu dada yangu, na yule pale kuku wetu," akasema Faki.

Zimwi likatikisa kichwa, likaenda zake.

Basi wakakaa. Kila jioni Mashavu alibandika birika, na kila jioni birika lilisema zaidi. Likamwuliza habari za mchana, likamtajia ndugu zake. Ukoko ukazidi kuwa mnene. Jirani yao, Bi Zume, akaja kunywa chai, akatema kipande cheupe.

"Mashavu, lisugue birika lenu."

"Nitalisugua kesho," akasema Mashavu.

Zimwi likaja mara ya pili.

"Mtoto, unaitwa nani?"

"Faki," akasema, akanyamaza.

Zimwi likalamba midomo, likaenda zake. Bi Zume naye akaja tena. "Mashavu, mtoto huyu mbona kimya? Na hilo birika je?"

"Nitalisugua kesho," akasema Mashavu.

Siwezi kumtetea hapa. Aliona. Aliona mdogo wake haulizi tena kitu, haombi maji, anavuta tu nguo yake na kuonyesha kwa kidole. Akajiambia, ana huzuni, atapoa. Bi Zume alipokuja mara ya tatu akamwambia tena, "Nitalisugua kesho." Kisha akabandika birika, kwa sababu birika lilikuwa likimwita "mwanangu", na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita hivyo.

Zimwi likaja mara ya tatu. Ilikuwa mchana, jua kali.

"Mtoto, unaitwa nani?"

Faki akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akamgeukia dada yake, machozi yakamlengalenga.

Zimwi likacheka mpaka shuka likaanguka, na lile jicho la kisogoni likaonekana. Mashavu akajua amemkaribisha nani nyumbani.

"Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyetaka sauti. Ulidhani sauti ya aliyekufa inakula nini? Kila neno ulilosikia humo birikani limetoka kinywani mwa huyu. Na mimi mtoto mwenye sauti siwezi kumla, atapiga kelele watu wanitoe roho kwa michi. Huyu sasa ameiva. Jua likizama nakuja kumchukua."

Likaenda zake. Mnasikia watu wakisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Msidanganyike. Hili lilimjua Faki, na lilikuwa tayari kummaliza.

Mashavu akambeba Faki, akamweka karibu yake. Akakata ndimu, akakamulia birikani, akaongeza maji, akabandika. Akatafuta kumbi la nazi. Maji yakachemka, akayamwaga, akaingiza mkono, akasugua.

Birika likasema, "Mashavu mwanangu, taratibu, unaniumiza."

"Nisamehe, mama," akasema Mashavu, akasugua.

Ukoko ukabanduka. Faki akasema, "Maji."

Birika likasema, "Mashavu mwanangu, umekwisha kunichoka?"

"Nisamehe, mama," akasema Mashavu, akasugua.

Ukoko ukabanduka. Faki akasema, "Dada, mbona unalia?"

Birika likasema, "Mashavu mwanangu, sasa mimi niende wapi?"

Mashavu akalia kwa sauti, kilio kile ambacho hakukilia hata siku ya maziko, na mkono wake haukuacha kusugua. Ukoko ukabanduka wote wa ndani. Faki akawa anasema na kuku, anasema na jivu, anasema na kila kitu.

Kikabaki kipande kimoja mrijani. Mashavu akachukua njiti ya chelewa, na hapo jua likazama. Zimwi likasimama mlangoni.

"Ngoja, binti," likasema kwa upole. "Kipande hicho kiache. Mimi nitaondoka, mtoto nimekuachia. Maneno yake yote anayo, limepungua moja tu, neno la mama. Naye mama hana, atalifanyia nini? Wewe birika litakuita jina kila jioni, mpaka uzeeni."

Mashavu akasimama na ile njiti mkononi. Akatamani. Jamani, alitamani sana. Faki akaliona zimwi, akaogopa, akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye kinu, akaanguka vibaya. Goti likapasuka. Akafungua mdomo wake kuita, kama mnavyoita nyinyi nyote mkiumia. Midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana tena. Neno halikutoka. Mtoto akawa analia hajui amwite nani.

Mashavu akaisukuma njiti.

"Mashavu," birika likaita. Lilisema hivyo tu, polepole. Kipande kikaanguka chini kikavunjika.

"Mama!" akaita Faki. "Mama! Mama!"

Sauti ilijaa kijiji kizima. Zimwi likaziba masikio, likakimbia. Bi Zume alitoka na mchi wake, na wengine na michi yao, wakalikimbiza hadi kisimani. Likatumbukia, na halikuonekana tena.

Lakini Faki aliendelea kuita. Alimwita mama yake, na nyumba ilikuwa kimya, na birika lilikuwa kimya. Mashavu naye alikuwa anasikiliza. Alijua hapana wa kuitika, na bado akasikiliza. Mwishowe akapiga magoti, akamkumbatia mdogo wake, akamfuta damu.

"Nipo," akasema. "Nipo hapa, mwanangu."

Jioni ile alibandika chai kwa ajili ya wale waliokuja na michi. Birika lilichemka, likatoa mvuke tu. Watu wakasema chai ni tamu. Mashavu hakuinywa.

Miaka ikapita, Faki akawa kijana. Siku moja akamwuliza, "Dada, mama alikuwa akiniitaje? Hebu niite kama yeye."

Mashavu akafungua mdomo. Alikumbuka mikono ya mama yake, kanga yake, namna alivyogonga kitako cha birika kule sokoni. Sauti akaitafuta, asiione. Akamwambia, "Imenitoka, ndugu yangu. Nimeitafuta, haipo." Wakakaa pamoja jikoni wakalia, watu wazima wawili.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye machozi ayapanguse, si aibu. Aliyekufa mlilie, ni haki yake. Lakini usimnyime aliye hai ukampa aliyekufa.